Siku Njema ya Kibogoyo

Asubuhi tatu kila wiki nafungua mlango wa chumba cha paka kwenye makazi ya wanyama waliopotea au kuachwa, ninapojitolea, na kila mara nasimama kidogo gizani kabla ya kuwasha taa. Wakati huo masikio yananiambia mengi kuliko macho. Mmoja anafukuafukua mchanga wa choo chake. Mwingine anajinyoosha hadi kucha zinakwaruza waya. Kule mwisho kuna anayelia mlio mfupi wa kuita, maana ameshazijua hatua za mtu mwenye chakula. Halafu kuna vizimba ambavyo havitoi sauti yoyote. Hivyo ndivyo naviendea kwanza.

Ukimya wa paka unawapoteza watu wengi. Mgeni anapita, anamwona paka amejikunja kwenye kona, macho wazi, hatikisiki, anasema, "Huyu mpole kweli." Si mpole, ameganda. Paka aliyepumzika amejimwaga, mwili wote umelemea alipolalia. Aliyeganda amejibeba mwenyewe: miguu yote minne iko chini yake tayari kukimbia, mkia umebanwa ubavuni, mboni za macho zimetanuka hata kwenye mwanga. Mwaka 1997 watafiti wawili, Kessler na Turner, walichapisha kipimo cha hofu ya paka chenye ngazi 7, kuanzia paka aliyejiachia kabisa hadi aliyepagawa kwa woga, na kipimo hicho hakihitaji kifaa chochote. Unatazama tu: tumbo, miguu, mkia, kichwa, macho, masikio, sharubu, na anavyohema. Karatasi yake tumeibandika ukutani, sasa imekunjamana kwa mvuke wa maji ya kudekia. Ngazi ya kwanza kabisa ni ya paka aliyelala ubavu au chali, tumbo nje. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali, na walikuwa wamewatazama paka vizuri, kwa sababu tumboni ndipo adui akimfikia amekwisha. Tumbo lake halionyeshi mahali asipopajua.

Nataka kueleza siku ya paka wa makazi inavyokwenda, raha zake na karaha zake, na nitamfuata mmoja. Tulimwita Kibogoyo, ingawa alipofika bado alikuwa na meno.

Alikuja ndani ya boksi la kubebea lililofunikwa taulo, akakabidhiwa mezani pamoja na karatasi yenye maneno machache: dume, mkubwa, amekutwa nyuma ya jengo, hali chakula vizuri. Alikuwa paka shume hasa, wa kijivu mwenye milia, mashavu mapana kama yanavyowatoka mashume wasiohasiwa, sikio moja limechanika kwenye ugomvi wa zamani. Udenda ulikuwa unamtoka. Tulimpa kizimba namba 11, chakula, maji, mchanga na blanketi dogo.

Usiku wa kwanza alilala ndani ya choo chake. Wengi hufanya hivyo, na mtu asiyejua huona uchafu. Trei ya mchanga ina kingo, kwa hiyo inafanana kidogo na shimo la kujificha, na baada ya saa chache ndiyo kitu pekee mle ndani chenye harufu yake. Vingine vyote ni vigeni. Sikio la paka linasikia hadi zaidi ya mitetemo 60,000 kwa sekunde, letu linaishia kwenye 20,000 hivi. Chumba ambacho sisi tunakiona kimetulia, kwake kina taa inayovuma, bawaba ya mlango, ndoo ya chuma inayoburutwa, na mbwa wa upande wa pili wa ukuta ambaye hajawahi kumwona lakini anamsikia kila akipumua.

Siku ya pili nilifanya kosa ambalo bado linanichoma. Nilikuta blanketi limesukumwa kwenye kona, limelowa udenda, nikasema moyoni huyu anastahili kulala pasafi. Nikatoa kila kitu. Nikafua, nikasugua kuta zote za kizimba kwa dawa, nikamwekea blanketi jipya linalonukia sabuni. Kibogoyo, ambaye jana yake alikuwa amelamba chakula kidogo, hakugusa kitu siku hiyo wala siku iliyofuata.

Mwanamke anayesimamia chumba chetu tunamwita Mama tu, kwa kuwa alikuwepo kabla yetu sote. Aliangalia bakuli lililojaa, akaangalia blanketi jipya, akaniambia bila kuinua sauti, "Mwanangu, umemhamisha tena."

Nilielewa maneno hayo baadaye, nilipoanza kuangalia paka wanachofanya na nyuso zao. Paka ana tezi za harufu kwenye mashavu, kwenye kidevu, kwenye nyayo. Anaposugua shavu kwenye nguzo ya kizimba au kona ya mlango anaacha harufu yake, na kesho akirudi pale akaikuta, anajua kwamba jana alikuwa hapa na hakuna kilichomdhuru. Lile blanketi lililosukumwa kwenye kona ndilo jambo la kwanza Kibogoyo alilofanya kwa hiari yake tangu afike. Alikuwa ameanza kuandika jina lake ukutani, na mimi nikalifuta kwa brashi.

Hapa ndipo kazi ya makazi inapokuwa ngumu, kwa sababu dawa nayo ina sababu yake. Virusi vya parvo ya paka vinaweza kubaki hai sakafuni au kwenye nguo hata mwaka mzima, na paka wachanga wanaovipata hufa kwa wingi. Huwezi kumwingiza paka mpya kwenye kizimba cha aliyeondoka bila kukisafisha hadi kwenye pembe. Lakini maadamu ni paka yuleyule anayeendelea kukaa mle, safisha palipochafuka, basi. Ondoa mchanga mchafu, futa yaliyomwagika, badilisha kitambaa kimoja na uache kingine. Siku hizi kila kizimba kina vitambaa viwili, na hatuvifui siku moja. Ni utaratibu mdogo mno, na nimeona paka wanaanza kula kwa ajili yake.

Siku ya tatu Mama alileta boksi la kadibodi, akalikata tundu ubavuni, akaliingiza kwenye namba 11. Akafunika pia nusu ya mlango wa waya kwa taulo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht huko Uholanzi walichapisha jaribio walilolifanya kwa paka 19 waliokuwa wameingia makazi karibuni. 10 waliwekewa boksi la kujificha, 9 hawakuwekewa. Wale wenye boksi walitulia mapema zaidi, na tofauti ilionekana ndani ya siku chache za mwanzo. Naipenda habari hiyo kwa sababu inahusu kadibodi, kitu ambacho kila mahali kinatupwa. Watu huogopa kumpa paka pa kujificha, wakidhani hatatoka tena. Mimi nimeona kinyume chake kila mara: mwenye tundu la kurudi ndiye anayethubutu kuchungulia. Kibogoyo aliingia humo mchana ule, akageuka, akabakiza kipande cha sikio lililochanika na jicho moja. Jioni lile jicho lilikuwa limefumba.

Hakuwa anakula bado, na hilo halikuweza kusubiri. Paka si kiumbe wa kufunga. Akikaa siku chache bila chakula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini, ini likazidiwa, na anaweza kufa kwa jambo lililoanza kama woga tu. Kwa hiyo tunapima. Mizani ya paka ni chombo kitakatifu kwetu. Gramu 100 kwa mtu si kitu, kwa paka wa kilo nne ni habari ya kumwita daktari. Tulipasha chakula chake kikawa na joto la mwili, maana paka hula kwa pua kwanza, na chakula cha baridi harufu yake hufifia. Alikuja, akanusa, akalamba mara moja, kisha akatoa sauti niliyoijua papo hapo. Akarudi nyuma akiusugua mdomo kwa mkono, kama mtu aliyeungua.

Kumbe njaa alikuwa nayo. Mdomo ndio uliomkatalia.

Daktari wa wanyama alipomfungua kinywa akiwa amepewa nusu kaputi, fizi zilikuwa nyekundu kama kidonda kibichi hadi nyuma kooni. Ni ugonjwa ambao mwili wa paka unavimbisha kinywa chake wenyewe kuzunguka meno, na kwa wengi dawa inayosaidia kweli ni kuyang'oa, mara nyingine yote. Nilipoambiwa nilisikia baridi tumboni. Paka asiye na meno! Alihasiwa na kung'olewa, akarudi kizimbani amelegea, manyoya yamenyolewa kipande mkononi, ulimi umetokeza kidogo upande. Siku ya nne baada ya hapo nilimkuta anakula uji wa nyama kwa pupa, uso wote umepakaa, na kila baada ya matonge mawili anainua kichwa kutazama kama kuna mtu atakuja kumnyang'anya. Wiki kadhaa mbele alikuwa anameza hata chakula kikavu, punje nzimanzima. Wengi hawajui kwamba paka hatafuni kama sisi. Meno yake ni ya kukamata na kukata, na bakuli halikimbii.

Ndipo akapewa jina. Mama alisema, "Basi, Kibogoyo wetu amepona," na likamkaa.

Siku njema ya paka wa makazi, nimekuja kuamini, ni siku inayofanana na jana. Sisi binadamu tunataka kumletea mwanasesere mpya, mgeni mpya, harufu mpya, tukidhani amechoka na uleule. Hajachoka nao. Anautafuta. Saa moja taa, saa moja na robo choo kusafishwa, kisha chakula, kwa mkono uleule ikiwezekana, kuanzia kizimba kilekile kwenda kilekile. Nilipokuwa naanza upande wa kushoto siku moja na wa kulia siku nyingine, chumba kizima kilikuwa na wasiwasi. Nilipoacha, kelele za asubuhi zilipungua nusu. Paka asiyejua kitakachofuata hulazimika kulinda kila dakika. Anayejua anaweza kusinzia.

Na kusinzia ndiyo kazi yake kubwa. Paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, vipande vipande, na hapo kwetu unaweza kupima hali ya chumba kwa kuhesabu waliolala kweli saa sita mchana. Nasema kweli, kwa sababu kuna usingizi wa kujifanya: macho yamefumbwa lakini masikio yanazunguka kila mlango unapolia, na mwili umekaa kama mkate, miguu chini. Huo ni ulinzi tu. Kibogoyo alilala hivyo kwa wiki mbili. Kisha, asubuhi moja ya kawaida kabisa, nilikuta ametoka nje ya boksi, amejilaza ubavu, mguu mmoja wa nyuma umening'inia ukingoni mwa rafu, na kidole kimoja cha mguu huo kinachezacheza ndotoni. Nilisimama pale na ndoo mkononi hadi maji yakapoa. Sikumwita mtu. Nilikwenda kwenye karatasi ya kizimba chake nikaandika tarehe na neno moja: ubavu.

Kumgusa kulichukua muda zaidi. Mama alinifundisha nikae sakafuni, ubavu wangu kwake, nisimkazie macho, nikikutana na jicho lake nifumbe langu polepole na kulifungua polepole. Mwanzo niliona ni mambo ya wapenda paka. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walilipima jambo hili wakachapisha mwaka 2020: paka walikuwa tayari zaidi kumsogelea mtu wasiyemjua aliyewafumbia macho polepole kuliko aliyekaa na uso mkavu. Kibogoyo alinijibu siku ya kwanza ya mwezi wake wa pili. Alifumba, akafumbua, akafumba tena, kisha akatazama pembeni kama mtu aliyesema jambo zito akaona aibu. Siku tatu baadaye aligongesha paji la uso kwenye kidole changu, na kifuani mwake ukaanza ule mngurumo wa chini ambao unausikia kwa mkono kabla ya kuusikia kwa sikio. Tahadhari tu: paka hunguruma hivyo hata akiwa na maumivu, kwa hiyo mngurumo peke yake haukuambii kitu. Utazame pamoja na sharubu, mabega na mkia. Siku ile vyote vilikuwa vimelegea.

Basi mtu atadhani kuanzia hapo njia ilikuwa tambarare. Haikuwa.

Mwezi wa tatu bomba lilipasuka, ikabidi tuhamishe vizimba vyote kwenda chumba cha pili kwa siku nne. Hakuna aliyeumia wala aliyelala njaa. Lakini ndani ya wiki moja nusu ya chumba kilikuwa kinapiga chafya. Paka wengi waliowahi kuugua mafua ya virusi vya herpesi vya paka hubaki navyo mwilini maisha yote, vimelala. Mwili ukipata msukosuko, vinaamka. Chanjo hupunguza ukali, haifuti kilichokwisha kuingia. Kibogoyo alifunga jicho la kulia, pua ikaziba, na kwa kuwa pua imeziba hakunusa chakula, na kwa kuwa hakunusa hakula, tukarudi kwenye mizani na chakula cha kupasha kama mtu aliyerudishwa darasa la kwanza. Nilimfuta jicho kwa pamba ya maji ya uvuguvugu kutwa mara tatu. Alichukia. Alivumilia. Alirudi ndani ya boksi lake, na ile karatasi yenye neno "ubavu" ikakaa wiki tatu bila neno jipya.

Siku za wageni nazo zina mambo yake. Watu huingia, wanakwenda moja kwa moja kwa watoto wa paka, na siwalaumu. Mtoto wa paka ni furaha tupu. Tena mtoto aliyeshikwa na watu kwa upole kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake hukua akituona binadamu kuwa sehemu ya dunia yake, kwa hiyo ndio wanaokimbilia vidole kwenye waya. Hukaa kwetu siku chache, wakaondoka wawili wawili. Nyuma yao wanabaki watu wazima wenye sikio lililochanika. Wageni walisimama mbele ya namba 11, wakasoma jina, wakacheka, wakagonga waya kwa kucha. Tafadhali, ukienda mahali kama hapo, usigonge waya. Unayemgongea yuko nyumbani kwake, na nyumba yenyewe ni chumba kimoja kisicho na mlango wa nyuma.

Huwa nafikiria jinsi wazo la mahali kama hapo lilivyo changa. Mary Tealby alifungua jijini London mwaka 1860 makazi ya mbwa waliopotea, yale ambayo baadaye yalihamia mtaa wa Battersea jijini humo. Paka walianza kupokelewa rasmi mwaka 1883, miaka zaidi ya ishirini baada ya mbwa. Nadhani sababu ni ileile inayowapoteza wageni wetu. Mbwa aliyepotea analia barabarani, kila mtu anamwona. Paka aliyepotea hunyamaza, na watu wakadhani anajimudu.

Kuna methali isemayo paka wa nyumba haingwa. Wengi wa wanaofika kwetu walikuwa paka wa nyumba, na wameingwa. Mwenyewe alifariki na warithi hawakumtaka, familia ilihama, mtoto alizaliwa, mtu alianza kupiga chafya. Baadhi ya sababu hizo ni nzito kweli na nimewaona watu wakilia mezani petu. Nyingine si nzito. Paka hajui tofauti. Anachojua ni kwamba sauti aliyoizoea kila jioni haipo tena, na kochi halipo. Hao ndio wanaonyong'onyea kuliko hata waliotoka mitaani. Aliyelala kwenye kochi miaka saba hajui kizimba ni nini.

Kibogoyo alichukuliwa mwezi wa tano. Familia njema, niliwaona kwa macho yangu, walikuja mara mbili kabla ya kumchukua. Niliondoa kadi yake mlangoni kwa mikono inayotetemeka kwa furaha. Baada ya siku tisa walimrudisha. Alikuwa chini ya kitanda muda wote, walisema, anatoka usiku tu, hataki kushikwa, watoto wamekata tamaa. Hawakusema uongo na hawakumtendea ubaya. Tulichoshindwa sisi ni kuwaeleza vya kutosha kwamba siku tisa si kitu. Watu wa kazi hii husema siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Ni makisio tu, kila paka ana saa yake, lakini afadhali makisio kuliko kuachwa gizani. Kwa paka, kwenda nyumbani ni kupoteza tena kila harufu aliyoiandika. Ile siku ambayo sisi tunapiga picha na kushangilia, kwake ni siku ya kwanza kizimbani imeanza upya. Aliporudi namba 11 ilikuwa na mpangaji mwingine. Akapewa namba 4, upande wa ukuta wa mbwa.

Alikaa amegeuzia mlango mgongo kwa siku sita. Nilikaa sakafuni kila zamu, ubavu kwake, nikifumba macho kuelekea mgongo.

Babu mmoja aliingia mwezi wa saba, siku ambayo si ya wageni, kwa sababu alikuwa amekosea siku. Mama akamruhusu. Hakuita paka yeyote. Alitembea polepole hadi mwisho wa chumba, akarudi, akauliza kama kuna kiti. Nikamletea. Akakiweka mbele ya namba 4, pembeni kidogo, akakaa akitazama dirisha. Baada ya muda nilimwuliza, "Babu, nikufungulie mlango wa kizimba?"

"Hapana, mjukuu wangu. Aamue mwenyewe."

Alikuja mara nne. Mara ya pili Kibogoyo aligeuka. Mara ya tatu alikuja hadi kwenye waya, akasugua shavu kwenye nguzo iliyo karibu na goti la mzee, kwanza shavu la kulia, kisha la kushoto, akarudi kulala. Ya nne tulifungua, na mzee akaacha mkono wake juu ya paja, kiganja juu, bila kuutikisa, huku akiendelea kunieleza jinsi mkewe alivyokuwa akizungumza na paka wao kama jirani. Kibogoyo aliunusa ule mkono muda mrefu sana. Kisha akauegemeza kidevu.

Siku ya kuondoka niliingiza kwenye boksi la kubebea kile kitambaa chake ambacho hakikuwa kimefuliwa, chenye manyoya, udenda wa zamani na madoa ya chakula. Nilimwambia mzee amtengee chumba kimoja tu kwanza, chenye pa kujificha, choo mbali na bakuli, chakula saa zilezile, na asimtafute. Nikamwambia kitambaa asikifue.

Alipiga simu baada ya siku nne: yuko nyuma ya kabati. Baada ya siku kumi na moja: bado nyuma ya kabati, ila mkia uko nje. Wiki ya tano alituma picha iliyopigwa vibaya, nusu yake ni kidole. Kwenye nusu iliyobaki Kibogoyo yuko juu ya kile kitambaa, chali, miguu ya mbele imekunjwa hewani, mdomo wazi, pembeni mwa mdomo ule ufizi wa waridi usio na jino hata moja. Niliiangalia nikiwa nimesimama katikati ya chumba cha paka, nikashindwa kuendelea na kazi kwa muda.

Juzi amepiga tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Kitambaa, alisema, sasa kimeanza kunuka kweli, na binti yake akija kumtembelea anakilalamikia. Je, amevunja kitu akikifua?

Nikamwambia achukue mkasi akikate katikati, afue nusu, na ile nusu ambayo Kibogoyo analalia kichwa aiache.